Paa Zuri Barabarani, Baridi Kitandani

Julai ikifika Kinangop, watu hulala na soksi, kofia na sweta mbili, na asubuhi bado meno yanagongana. Hiyo si habari mpya kwa yeyote mwenye ushago Nyandarua, Limuru, Molo ama Timboroa. Kinachonishangaza ni kwamba familia ikikaa chini kuongea mambo ya kuezeka nyumba, baridi haitajwi hata mara moja. Tunaongea rangi. Tunaongea vile jirani ameezeka. Tunaongea vile nyumba itaonekana kwa picha za Krismasi.

Nimekuwa kwa huo mjadala tangu mwaka uanze, kwa sababu paa la Shosho limefika mwisho. Ni mabati ya zamani, yamekula kutu, na mvua ikinyesha kuna sufuria tatu sebuleni na beseni moja kando ya kitanda. Familia imechanga. Pesa iko, ila ni ya mara moja tu. Ikiisha imeisha, na Shosho ana miaka 81 na kifua kinachombana kila msimu wa baridi. Kwa hivyo swali la paa kwetu si la urembo.

Msimamo wangu ni huu: mahali pa baridi, paa ni kila kitu kilicho kati ya kitanda na anga. Ni bati ama kigae, ni hewa iliyo katikati, na ni dari. Ukimaliza pesa yote kwa ile ngozi ya juu, umejengea wapita njia.

Nilipoandika hivyo kwa kikundi cha familia, Anko wangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa michango, alijibu: "Wewe uliacha chuo, leo umekuwa injinia wa paa?" Ni kweli niliacha, mwaka wa pili, karo ilipokosekana. Lakini nilikuwa nasomea ualimu wa hisabati na fizikia, na fizikia haimkatai mtu kwa sababu hana cheti. Nikamjibu kwa heshima, "Anko, nipe siku mbili nilete hesabu." Hii hapa, kwa sababu najua kuna familia nyingi ziko kwa mjadala kama wetu.

Baridi inatoka wapi?

Ukipanda kutoka usawa wa bahari, hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Kinangop iko juu ya mita 2,400. Kwa hivyo siku ambayo mtu wa Mombasa anajipepea na gazeti, sisi tuko kama nyuzi 15 chini yake, na hatujafika ikweta wala mbali nayo, tuko karibu nayo kabisa.

Halafu kuna usiku usio na mawingu. Wakulima wa viazi wanaujua vizuri kwa sababu ndio usiku wa sakitu. Vitu vyote hutoa joto kuelekea angani, na mawingu yakikosekana hakuna kinachorudisha hilo joto. Bati ni jembamba, halina joto la kuweka akiba, kwa hivyo hupoa haraka kuliko hata hewa iliyolizunguka. Ndiyo maana unaweza kupata barafu nyembamba juu ya mabati asubuhi ilhali maji ya ndoo hayajaganda.

Sasa weka mtu chini ya hilo bati. Anapumua usiku kucha, na pumzi ina unyevu. Hewa yake ya moto inapanda, inagusa chuma baridi, inageuka maji. Ni kitu kile kile unachoona kwa chupa ya soda ikitoka kwa friji. Yale matone yanayomwangukia Shosho saa kumi alfajiri, hata siku ambayo haikunyesha, si paa kuvuja. Ni pumzi yake mwenyewe inamrudia ikiwa maji. Blanketi inalowa kidogo kidogo, ukuta unaota ukungu mweusi, na mwenye kifua kibovu ndiye wa kwanza kuumia.

Kwa hivyo ukibadilisha bati la kutu na uweke bati jipya, ama hata kigae cha bei kubwa, bila kugusa kilicho chini yake, yale matone yatarudi. Yatakuwa tu matone ya gharama.

Vitu vilivyokuwa mezani

Anko alitaka vile vigae vya chuma vilivyomwagiwa changarawe ndogo juu. Ni vizuri, sitadanganya. Mvua ikinyesha havipigi kelele kama bati, na vikiwekwa na fundi anayejua kazi vinakaa miaka mingi. Lakini chini ya ile changarawe ni chuma chembamba tu, ndugu yake bati. Kwa baridi, tofauti ni ndogo mno. Na fundi wetu alipopiga hesabu, vigae peke yake vingekula karibu mchango wote. Dari ingebaki "tutaona baadaye", na sisi wote tunajua baadaye ya familia huwa lini.

Tata wangu alitaka vigae vya udongo kama vya zile nyumba za zamani za Limuru. Hivyo vinadumu kizazi na kizazi. Shida ni uzito. Mita moja ya mraba ya vigae vya udongo inaweza kufika kilo 40 na zaidi. Bati la unene wa milimita 0.4 ni kama kilo 3 na kitu. Nyumba ya Shosho ni ya mbao, ilijengwa kubeba bati. Kuiwekea udongo ni kununua kenchi mpya, mbao nene zaidi, labda hata kuta mpya. Miti inakatwa zaidi, na udongo wenyewe unachomwa kwa moto mkali kabla ujafika kwako. Kitu kinaweza kuwa cha asili na bado kikabeba gharama kubwa kwa msitu.

Binamu yangu alileta picha za zile nyumba za paa la kujificha, lile ambalo kuta zinapanda juu mpaka huoni paa. Kwa sehemu ya mvua nyingi na mvua ya mawe, paa lenye mteremko mdogo na mfereji uliofichwa ndani ya ukuta ni kutafuta kesi. Majani yakiziba huo mfereji, maji hayana pa kwenda ila ndani. Hiyo tuliitoa mapema.

Mimi mwenyewe nilitaja vipande vya mtarakwa, vile walowezi waliezekea nyumba zao nyanda za juu. Mbao huzuia baridi kuliko chuma, na mtarakwa hauozi upesi. Lakini huo mti hukua polepole sana, na misitu yake tumeimaliza vya kutosha. Paa linaloomba mti wa miaka mingi si la wakati huu.

Na Shosho? Shosho hakuulizwa mpaka nilipomuuliza. Akacheka. "Nyumba ya mama ilikuwa ya nyasi, baba," aliniambia. "Moto katikati. Mambo ya kulala na soksi nimeyajulia kwa mabati."

Na fizikia iko upande wake. Nyasi zilizofungwa vizuri na kwa unene wa kutosha hushika hewa ndani yake, na hewa iliyotulia ndiyo blanketi bora duniani. Watu wa Norway walijua hilo pia. Kwa karne nyingi waliezeka nyumba zao kwa maganda ya mti wa betula kuzuia maji, kisha wakaweka udongo wenye majani juu yake. Hakuna aliyewafundisha ila baridi yenyewe.

Lakini hatuwezi kurudi kwa nyasi hivi hivi. Nyasi nzuri za kuezekea zimeisha, mashamba ni viazi na kabichi. Zinahitaji mteremko mkali, zinahitaji kufanyiwa ukarabati mara kwa mara, zinashika moto, na maji yanayotoka juu yake ni ya rangi ya chai. Tunachoweza kufanya ni kuchukua akili ya nyasi tuiweke chini ya bati.

Hesabu niliyomtumia Anko

Chukua nyumba yenye paa la mita 40 za mraba. Tuseme nje ni nyuzi 6 na ndani tunataka nyuzi 16, joto la mtu kukaa na sweta moja tu. Ni joto kiasi gani linatorokea juu? Haya ni makadirio, lakini picha ni ya kweli.

Bati peke yake bila dari: takriban wati 2,800. Ni kama kuwasha pasi tatu za nguo usiku kucha na kuzielekeza angani. Vigae vyenye changarawe bila dari: karibu hapo hapo.

Bati na dari ya mbao iliyozibwa vizuri: takriban wati 1,000. Pasi moja.

Bati, dari, na juu ya dari tabaka la sentimita 10 la kitu kinachoshika hewa kama sufu ya kondoo: takriban wati 150. Hiyo ni kama balbu mbili na nusu za zamani, zile za wati 60.

Angalia vizuri kilicholeta tofauti. Sijabadilisha bati hata kidogo. Na Shosho hana hita ya stima; joto lake ni la jiko na la mwili wake. Mwili wa mtu aliyelala hutoa joto linalokaribia wati 80 hivi. Chini ya bati tupu hizo ni tone baharini. Chini ya dari yenye sufu, mwili wake na chai yake vinaanza kuhesabika.

Hapa ndipo neno "endelevu" linapata maana kwangu. Watu hudhani ni rangi ya kijani ama kitu cha kuagiza ng'ambo. Kwetu, nyumba inayopoteza joto inalipwa kwa kuni na makaa, na hizo zinatoka kwa miti ya Aberdare na ya mashamba yetu. Hiyo milima ndiyo inayolisha mito, na bwawa la Sasumua lililo hapa Kinangop linapeleka maji mpaka Nairobi. Kila gunia la makaa ambalo Shosho hatalihitaji ni sehemu ya paa lake.

Basi tukachagua nini?

Juu, bati. Ndiyo, bati la kawaida. Chuma hutengenezwa kwa moto mwingi, hilo siwezi kuficha, lakini bati zuri linadumu miongo, ni jepesi kwa kenchi zilizopo, na likifika mwisho linayeyushwa kuwa chuma kingine. Ila si kila bati. Namba ya geji ikipungua, unene unaongezeka: geji 28 iko karibu milimita 0.4, geji 30 iko karibu 0.3. Tulichukua 28 kwa sababu ya mvua ya mawe, na tukachukua lililopakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki badala ya zinki tupu, kwa kuwa linavumilia kutu kwa muda mrefu zaidi. Muuzaji akikwambia "hii ni nzito" bila kukuonyesha geji iliyoandikwa kwenye bati, toka hapo.

Na usimruhusu fundi akate hilo bati kwa grainda. Zile cheche ni chuma cha moto, zinachoma rangi na ule mpako, na mwaka ujao utaona vidoti vya kutu. Mkasi wa mabati upo.

Chini, dari ya mbao za sipresi, zimeunganishwa bila nyufa. Nyufa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hewa ya moto na unyevu wake hupita hapo kwenda kugusa bati. Juu ya dari, sufu. Majirani wanafuga kondoo, na sufu bei yake imekuwa ya kulia, kuna wanaoitupa. Inaoshwa mafuta yatoke, inakaushwa kabisa, inanyunyiziwa boraksi kuzuia nondo. Sufu haishiki moto kirahisi, na inaweza kunywa unyevu kidogo na kuutoa tena bila kuoza. Usifanye hivyo na vumbi la mbao ama maganda ya mahindi juu ya waya za stima. Huko ni kujitengenezea jiko juu ya kichwa.

Kati ya sufu na bati tunaacha nafasi hewa ipite kutoka ukingo mmoja wa paa hadi mwingine, na waya wa wavu kuzuia panya na popo. Unyevu ukipanda upate njia ya kutoka. Juu kuwe na upepo, chini kuzibwe. Mafundi wengi hufanya kinyume.

Mwisho, mifereji na tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa paa la mita 40, mvua ya milimita 10 ni lita 400. Shosho amechota maji mtoni maisha yake yote, na yalikuwa yanamwagika kando ya mlango wake.

Onyo moja kabla sijamaliza

Ukiziba dari, lazima jiko la makaa litoke chumbani. Hili silisemi kwa mzaha. Makaa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Nyumba iliyojaa nyufa ilikuwa inamsaidia Shosho bila yeye kujua. Sisi tumeacha matundu mawili ya hewa ukutani, na jiko limehamia jikoni kwa heshima zote, hata kama alinung'unika wiki nzima. Na kama paa lako la zamani ni zile shiti za asbesto, usizivunje wala kuzikwangua mwenyewe. Vumbi lake husababisha saratani. Tafuta walio na leseni ya kuzitoa.

Familia ilisemaje?

Kura ilikuwa karibu. Anko alikubali kwa sharti kwamba tuanze na chumba cha kulala cha Shosho peke yake, tuone. Tukaezeka hapo, tukaweka dari, tukaweka sufu. Wiki ya pili Shosho akanipigia simu asubuhi na mapema, nikashtuka kwa sababu saa hiyo huwa ni habari mbaya. Kumbe alitaka tu kuniambia beseni ameliondoa kando ya kitanda, limerudi kufua nguo.

Nyumba nzima inaisha mwezi huu. Anko bado analalamika kwamba watu wakipita watasema watoto wa mama wote wale walishindwa kumwekea vigae. Pengine watasema. Hao watu hawalali pale.

Kama na nyinyi mko kwa huo mjadala, kabla mtume hata shilingi, mmoja wenu aende alale usiku mmoja kwa chumba cha mzazi wenu, Julai ama Agosti, bila kubeba blanketi ya ziada. Saa kumi alfajiri aangalie juu, aguse ukuta, ahesabu matone. Asubuhi aandike kwa kikundi alichoona. Baada ya hapo ndio muongee rangi.